Je, Wengi Hao ni Wengi Kweli?

Darasa la Redio kwa Watu Wazima. Elimu ya Jamii: Desturi za mapenzi katika vyuo vya Marekani

Wenye kitabu hiki mkononi na wafuate maneno kwa jicho, kama mlivyozoea. Wenye ubao na waandike juu yake neno la leo: DESTURI. Mwongozi wa darasa atasimamisha somo mahali palipoandikwa "Pumzikeni", ili mpate kuzungumza kabla ya kuendelea.

Somo la leo lahusu jambo ambalo watu wazima hulizungumza kwa kunong'ona. Ni habari ya vijana wa vyuo vikuu wanaokutana kimapenzi usiku mmoja, kisha kila mmoja akashika njia yake. Sitawahubiria, wala sitawachekesha. Wajibu wa elimu ya jamii ni kuuliza: Kwa nini watu wengi hufanya jambo hili? Ni nani aliyelianzisha? Ni nani apataye faida, na ni nani alipaye gharama?

Sote twaijua methali isemayo, "Mkataa wengi ni mchawi." Maana yake ni kwamba mtu akienda kinyume cha watu wote atachukiwa. Leo nataka tuiulize methali hiyo swali moja tu: Je, wengi hao ni wengi kweli? Ni nani aliyewahesabu?

1. Kwa nini tusome habari za mbali

Huenda mmoja wenu akasema, "Sisi na Marekani wapi na wapi?" Jibu ni kwamba watoto wetu huenda huko. Mwezi wa Septemba mwaka 1959, ndege iliyopatikana kwa juhudi za Bwana Tom Mboya iliwachukua vijana 81 wa Kenya kwenda kusoma katika vyuo vya Marekani. Baada yao wakaondoka wengine wengi, kutoka pande zote za Afrika ya Mashariki. Tena, hata kijana asiyesafiri huyaona maisha ya vyuo hivyo katika filamu na katika simu yake, naye hudhani kwamba yale anayoyaona ndiyo maisha ya vijana wote wasomi.

Tumechagua Marekani kwa sababu ya pili pia. Wataalamu wa huko wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, wakawauliza wanafunzi maelfu na kuandika majibu yao. Kwa hiyo hatutakisia. Tutahesabu.

2. Jinsi desturi ilivyogeuka

Vijana wale wa mwaka 1959 walizikuta sheria kali katika vyuo vingi. Bweni la wasichana lilifungwa usiku kwa saa maalumu. Mlangoni palikuwa na mama mlezi na daftari, naye aliandika nani ametoka na nani amerudi. Mvulana hakuruhusiwa kupanda chumbani. Chuo kilijihesabu kuwa kimeshika nafasi ya baba na mama.

Kabla ya hapo desturi ilikuwa nyingine tena. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika jamaa zenye uwezo, kijana alimtembelea msichana nyumbani kwao, akaketi naye sebuleni, mama yake akiwa karibu. Halafu miji ikakua, sinema na magari yakaja. Vijana wakaacha kuketi sebuleni, wakaenda kutembea mjini, na mvulana ndiye aliyelipa. Mwaka 1937 mtaalamu mmoja, Willard Waller, aliandika juu ya wanafunzi wa chuo kimoja cha Pennsylvania. Aliona kwamba walipimana kwa mavazi, kwa gari, na kwa sifa ya kuonekana na watu wenye jina. Basi msidhani kwamba zamani vijana wa chuo walitafuta wachumba tu. Hata wakati ule palikuwa na mashindano.

Ni nini kilichozivunja sheria za mabweni? Mambo mengi yalikutana. Mwaka 1960 serikali ya Marekani iliruhusu vidonge vya kuzuia mimba. Mwaka huo huo wanafunzi weusi wa chuo kimoja cha Alabama waliingia katika mkahawa wa wazungu mjini Montgomery kudai haki yao. Baadhi yao wakafukuzwa chuoni bila kusikilizwa. Wakashtaki, na mwaka 1961 mahakama ya rufani ikaamua kwamba chuo cha serikali hakiwezi kumfukuza mwanafunzi bila kumpa nafasi ya kujitetea. Shauri lile lilikuwa la haki za watu weusi, wala halikuhusu mapenzi. Lakini lilitikisa fikira ile ya chuo kuwa baba na mama, na katika miaka iliyofuata daftari la mlangoni likaondoka.

Jambo jingine ni umri wa kuoa. Mwaka 1960 Mmarekani wa kawaida alioa akiwa na miaka karibu 23, na mwanamke aliolewa akiwa na miaka karibu 20. Mwaka 2023 mwanamume alioa karibu na miaka 30, na mwanamke aliolewa karibu na miaka 28. Tazameni urefu wa muda huo. Kijana anayeingia chuoni na miaka 18 yuko mbali sana na arusi yake, na hakuna mzee aliyempa desturi ya kuishi miaka hiyo. Mahali pasipo na desturi, vijana huitunga yao.

Pumzikeni. Jadilianeni: Katika mji wenu, vijana huoana wakiwa na umri gani sasa? Wazee wenu walioana wakiwa na umri gani?

3. Mapenzi ya kupita ni nini

Katika somo hili tutayaita "mapenzi ya kupita". Wanafunzi wa Marekani wanalo jina lao, lenye maana ya kunasana, kama samaki na ndoana. Jina hilo ni pana mno. Waliobusiana tu kwenye ngoma hutumia neno hilo hilo, na waliolala pamoja hutumia neno hilo hilo. Bibi Kathleen Bogle, aliyetoa kitabu juu ya jambo hili mwaka 2008, alieleza kwamba upana huo wa neno una kazi yake. Mtu akisema, "Jana nilikuwa na fulani," amesema, wala hakusema. Kila msikilizaji hujijazia mwenyewe, na aghalabu hujaza kubwa kuliko lililotendeka.

Usiku wenyewe huenda kama hivi. Mwisho wa juma vijana hunywa pombe kwanza vyumbani mwao, kisha huenda kwenye karamu. Humo muziki ni mkubwa, taa ni ndogo, watu wamejaa. Wawili hucheza pamoja, huondoka pamoja, na asubuhi huachana. Baada ya hapo huja kanuni iliyo ngumu kuliko zote: asionekane mmoja wao kwamba anajali. Bibi Lisa Wade, aliyetoa kitabu chake mwaka 2017, aliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kazi ya kuandika maisha yao kila juma. Aliona katika maandishi yao kwamba wawili waliokuwa marafiki wazuri kabla ya usiku ule huweza kupoa baada yake, kila mmoja akiogopa kuonekana ndiye apendaye zaidi.

Lifikirini jambo hilo. Sisi twajua aibu ya kupenda ovyo. Wale wana aibu ya kupenda kabisa.

4. Sasa tuhesabu

Chukueni kalamu. Kuanzia mwaka 2005 hadi 2011, Bibi Paula England na wenzake waliwauliza maswali wanafunzi zaidi ya 20,000 katika vyuo 21 vya Marekani. Mwaka 2010 yeye pamoja na Bibi Elizabeth Armstrong na Bibi Laura Hamilton walieleza baadhi ya majibu. Tuwatazame wanafunzi waliokuwa katika mwaka wa mwisho wa masomo, na tufanye kama kwamba ni watu 100 wameketi mbele yetu.

Katika hao 100, watu 28 walisema hawakufanya mapenzi ya kupita hata mara moja katika miaka yao yote ya chuo. Waliofanya walikuwa 72.

Tuwagawe hao 72. Karibu 29 walifanya mara moja, mbili au tatu tu. Wengine karibu 29 walifanya mara nne hadi tisa. Waliofika mara kumi au zaidi ni karibu 14.

Jumlisheni: 28, na 29, na 29, na 14. Jumla yake ni 100.

Miaka minne ya chuo ina vipindi vinane vya masomo. Kwa hiyo wengi wao hawakufikia hata mara moja kwa kila kipindi. Na kumbukeni kwamba neno lenyewe ni pana: katika mara ya mwisho waliyoitaja, karibu theluthi moja tu ndio waliolala pamoja. Zaidi ya hayo, 69 katika kila 100 ya wanafunzi hao wa mwaka wa mwisho, yaani wale wapendao watu wa jinsia nyingine, walikuwa wamewahi kukaa na mpenzi mmoja kwa miezi sita au zaidi.

Je, vijana wa sasa wamewapita wazazi wao? Mwaka 2014 Bwana Martin Monto na Bibi Anna Carey walilinganisha majibu ya vijana waliosoma chuo, wa miaka ya 1988 hadi 1996, na ya wale wa miaka ya baadaye. Waliokuwa na mpenzi zaidi ya mmoja kwa mwaka walikuwa karibu 32 katika 100 zamani, na karibu 32 katika 100 baadaye. Idadi haikubadilika. Kilichobadilika zaidi ni namna ya kukutana, na hadithi zinazosimuliwa.

Pumzikeni. Kabla ya somo hili, kama mngeulizwa, mngesema ni wangapi katika 100 waliofanya mara kumi au zaidi? Kila mtu na aseme idadi yake.

5. Kila mtu humdhania mwenzake

Basi, ikiwa wenye mazoea makubwa ni 14 katika 100, kwa nini chuo kizima huonekana kana kwamba kimelewa mapenzi? Hapo ndipo penye shina la somo letu.

Mnaujua mchango wa arusi. Kamati yaita mkutano, mwenyekiti asema kila mtu atoe kiasi fulani kikubwa. Wewe moyoni wasema, "Fedha hizi ni ada ya mtoto." Lakini watazama kulia, mwenzako anatikisa kichwa kukubali. Watazama kushoto, vivyo hivyo. Wafikiri, "Wote wamependa, ni mimi tu mwenye shida." Nawe watikisa kichwa. Na mwenzako wa kulia amekuona, akafikiri vile vile juu yako! Mkutano mzima umekubali jambo ambalo pengine nusu yake hawalitaki. Hakuna aliyesema uwongo kwa mdomo. Wamedanganyana kwa vichwa.

Hivyo ndivyo ilivyo katika vyuo vile. Mwaka 2003 Bibi Tracy Lambert na wenzake walitoa uchunguzi uliowauliza wanafunzi maswali mawili: Wewe waona mapenzi ya kupita yanakupendeza kiasi gani? Na wenzako je, wanapendezwa kiasi gani? Wanaume kwa wanawake, majibu yalifanana. Kila kundi lilidhani kwamba wenzao wanapendezwa zaidi kuliko wao wenyewe. Na hilo haliwezekani. Haiwezekani kila mtu awe na haya kuliko wastani, kama isivyowezekana kila mtu darasani awe mfupi kuliko wastani wa darasa.

Kosa hilo la kudhania laleta madhara ya kweli. Kijana asiyependa huenda, kwa kuogopa kuonekana mshamba. Mwenzake naye huenda kwa sababu hiyo hiyo. Wawili wanaweza kuondoka pamoja kila mmoja akifikiri kwamba mwenziwe ndiye aliyetaka. Na yule aliyekaa chumbani na kitabu chake, naye ni mmoja wa wale 28, hujiona yu peke yake duniani. Hawezi kuwajua wenziwe 27, kwa maana aliyekaa chumbani hana hadithi ya kusimulia kesho yake. Waliotoka ndio wenye hadithi. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe moja linavuma kuliko magunia kumi ya mchele.

Nisiwadanganye upande wa pili. Wapo walioyapenda mapenzi ya kupita na hawakujuta. Nao ni watu, na majibu yao yamo katika hesabu. Lakini hao si chuo kizima, wala hawakupewa haki ya kukisemea chuo kizima.

6. Ni nani alipaye

Desturi yoyote ina gharama, na gharama hiyo haigawanywi sawasawa.

Kwanza, fikirini mwenye nyumba ya karamu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1984 ilizisukuma serikali za majimbo zikataze kuuza pombe kwa mtu asiyetimiza miaka 21. Wanafunzi wengi hawajafika umri huo, kwa hiyo huifuata pombe katika nyumba za watu. Katika vyuo vingi nyumba hizo ni za vyama vya wavulana, kwa kuwa vyama vya wasichana kwa kawaida vina kanuni ya kukataza pombe nyumbani mwao. Basi mlango ni wa wavulana, pombe ni ya wavulana, na mara nyingi gari la kurudi ni lao pia. Msichana ni mgeni, na mgeni hana amri. Humo ndimo ubaya mkubwa huweza kutokea: mtu kulazimishwa, au kutendewa akiwa amelewa hajijui. Kwa ajili hiyo mwaka 2014 jimbo la California lilipitisha sheria juu ya vyuo, kwamba ridhaa lazima ionyeshwe wazi. Kunyamaza si ridhaa, na mtu aliyelewa hata hajitambui hawezi kutoa ridhaa.

Pili, fikirini jina. Kwa jambo lile lile, mvulana husifiwa na msichana hutukanwa. Bibi Armstrong na Bibi Hamilton, ambao tumewataja, walianza mwaka 2004 kuwafuata wasichana wapatao 50 wa ghorofa moja ya bweni katika chuo kikuu kimoja cha serikali. Waliona kwamba jina la "malaya" halikumwendea aliyetenda zaidi. Wasichana wa matajiri walilitupa kwa wasichana wa maskini, waliovaa au kusema tofauti na wao. Msichana wa tajiri aliweza kutenda mengi na jina lake likabaki safi. Kwa hiyo tusikiapo mtu anaitwa jina hilo, tuulize: Je, hizi ni habari za matendo yake, au ni habari za mfuko wa baba yake?

Tatu, fikirini masomo. Mtoto wa tajiri akipoteza mwaka katika karamu, jamaa yake watamtafutia kazi. Mtoto wa maskini hana mwaka wa kupoteza.

7. Na sisi tufanye nini

Hesabu hizi ni za Marekani. Msizitumie kuvipima vyuo vya Nairobi, Dodoma au Makerere, maana huko maisha ni mengine. Lakini kosa la kudhania halina pasipoti. Laweza kuingia mahali popote. Nawapa mambo matatu ya kuchukua nyumbani.

La kwanza ni hili. Mzazi, usimwambie mtoto wako, "Vijana wa siku hizi wote wameharibika." Wewe wadhani umemwonya. Yeye amesikia kwamba wote wanafanya, na kwamba akikataa atakuwa mchawi wa methali yetu. Mwambie ukweli uliouhesabu leo: wengi hufanya kidogo, wengine hawafanyi kabisa, na anayekaa pembeni ana wenziwe wengi asiowaona.

La pili, msikilize kabla hujamhukumu. Mtoto akijua kwamba neno la kwanza litakuwa tusi, hatasema la pili. Siku atakapotendewa ubaya, ataficha, na aliyemtendea atapata mwingine.

La tatu, wafundishe wavulana kama mnavyowafundisha wasichana. Kwa miaka mingi tumemwambia binti, "Jitunze," na kijana tukamwacha aende zake. Mwambie mwanao wa kiume kwamba aliyelewa hawezi kukubali, na kwamba kumjali mtu asubuhi si udhaifu.

Basi, wanafunzi wangu, mkisikia tena kwamba "kila mtu anafanya", chukueni kalamu. Ulizeni: Kila mtu ni watu wangapi?

Kwaherini. Tutaonana juma lijalo, majaliwa.

MANENO YA KUKUMBUKA

Desturi: mambo ambayo watu wa mahali fulani wamezoea kuyafanya, na ambayo asiyeyafanya huonekana mgeni.
Ridhaa: kukubali kwa hiari, bila kulazimishwa wala kudanganywa.
Wastani: idadi ya katikati, ipatikanayo kwa kujumlisha vyote na kugawanya kwa hesabu ya vitu.
Bweni: nyumba ya kulala wanafunzi.
Theluthi: sehemu moja katika sehemu tatu zilizo sawa.

MASWALI YA DARASA

1. Katika wanafunzi 100, ni wangapi ambao hawakufanya mapenzi ya kupita hata mara moja? Andikeni kwa tarakimu na kwa maneno.
2. Kwa nini kijana aliyekaa chumbani hawezi kuwajua wenziwe?
3. Tajeni jambo jingine katika kijiji au mtaa wenu ambalo watu hulifanya kwa kudhani kwamba wenzao wanalipenda.
4. Kila mmoja na aandike barua fupi, mistari mitano, kwa kijana anayeanza chuo mwaka huu. Asiandike neno "wote".